Kikombe Kilichookwa

Kazini shemeji yangu wanamwita Kikombe. Ni fundi wa saruji ya visima: huimimina kati ya bomba la chuma na mwamba, ili hidrojeni inayohifadhiwa chini isipate pa kupenyea. Kila akimimina hubakiza kikombe kimoja cha saruji hiyo rafuni. Siku ukucha wake ukishindwa kuipenya, anasaini kwamba kisima kimeganda. Ni mbishi kupita kiasi, lakini kazi anaijua.

Asubuhi moja nilikuwa naye ofisini, mimi nikiandika zamu. Kisima cha nne kilikuwa kimeanza kujazwa gesi. Mama wa usafi akaingia na ndoo yake.

"Baba, nisamehe. Wiki iliyopita nikipiga deki nilihamishia vile vikombe juu ya jenereta. Vilikaa siku mbili, nikavirudisha. Hakuna kilichovunjika."

Shemeji rangi ilimtoka. Jenereta ni moto, saruji huwahi kuganda; kule chini ni baridi, huchelewa. Alikuwa amesainia kikombe kilichookwa. Na siku ileile bomba lilipimwa kwa presha; saruji mbichi ikishtuliwa hivyo hupasuka, wala haijiungi tena.

Aliyekuwa kisimani akisoma geji ni dada yangu, mkewe.

Shemeji akaita redioni. "Mama watoto, geji ya pembeni, ile ya nje ya bomba, inasemaje?"

"Ilikuwa sifuri. Sasa inapanda. Kwani vipi?"

Hakujibu. Redio ile inasikika kituo kizima, na kukiri humo kulikuwa ni kujifukuza kazi. Akaishika tu, kidole juu ya kitufe. Hidrojeni haina harufu wala rangi, na ikiwaka mchana moto wake huuoni. Nilitaka kumpokonya ile redio, mikono ikagoma.

Hatimaye akabonyeza. "Zimeni pampu! Kisima cha nne hakikuganda, nilikosea mimi. Tokeni wote, mfuate upepo unakotoka!"

"Valvu ya mkono iko kwangu," dada akajibu. "Nikikimbia, nani ataifunga?"

Shemeji aliita na kuita redioni, nami nikimwomba Mungu kwa sauti bila aibu.

Dada alitokea getini akitembea, mikono imechubuka kwa gurudumu la valvu. Mumewe akamkimbilia. Dada akampita, akaingia ofisini na kusimama mbele yangu.

"Nilipomuuliza kwani vipi," akasema, "alinyamaza muda gani?"

Nilimwambia sikuangalia saa. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa changu, na dada aliitazama.