Njugu Zilizotundikwa Juu ya Moto

Mwenzenu nimepika mbegu ya watu, na bado nasalimiwa.

Mama Akinyi, jirani yangu hapa Boito, kila akitoka kwao ziwani huniletea kitu. Mwezi jana nilirudi kutoka kuchuma majani chai nikakuta ametundika mfuko wa njugu jikoni kwangu, juu ya moto. Nikamshukuru moyoni. Sikujiuliza kwa nini zawadi itundikwe kwenye moshi, kana kwamba sikulelewa na mama aliyehifadhi mbegu ya mahindi vivyo hivyo.

Juzi mvua ilianza, nikapata hamu ya njugu. Nikaziloweka zote kwenye beseni hadi asubuhi, maana zikilala majini huiva haraka na kuokoa kuni. Nusu nikachemsha kwa chumvi.

Mama Akinyi akaingia na jembe begani. Nikampakulia sahani.

"Hizi ni tamu, Mama Chebet! Unafanyaje?"

"Naloweka kwanza," nikajibu kwa maringo. "Si ni zile zako ulitundika hapo juu?"

Akaacha kutafuna. "Mama Chebet, hiyo ni mbegu! Kwangu ni gesi tu, nilitaka moshi wako ufukuze wadudu. Leo ndio naenda kupanda kule Sigor!"

Nilitamani kujificha chini ya meza. Nikamwonyesha nusu iliyobaki kwenye beseni. Akachovya kidole, akaonja maji.

"Hujatia chumvi? Asante Mungu! Hizi zitaota mbio. Chukua jembe twende, na ubebe hiyo sahani."