Kilo za Jackton Aluoch

Jackton Aluoch alikuwa karani wa kupima majani katika shamba la chai la Chemaluk, na kwa miaka kumi na moja wachumaji walimwogopa kuliko mvua ya mawe. Ukimletea kikapu alikitumbukizia mkono mpaka kwenye kiwiko kabla hajakitundika kwenye mizani. Jiwe alilitoa. Majani yaliyonyunyiziwa maji aliyajua kwa kuyashika tu. Kisha alitazama mshale na kutangaza kilo kwa sauti kubwa, kila aliyekuwa kwenye foleni asikie, maana ndiyo iliyokuwa desturi ya pale.

Jumamosi alasiri karani huyohuyo alivaa jezi namba moja ya timu ya raga ya shamba, na hapo ndipo ungeyaona meno yake. Alikuwa propu. Wanaume watatu wa mstari wa mbele wanashikana mabega, wanainamisha vichwa na kugongana na watatu wa upande wa pili, wenzao wakisukuma kutoka nyuma. Hiyo ndiyo skramu, na propu ndio nguzo zake mbili. Katikati yao anakaa huka, anayeuvuta mpira kwa mguu huku mikono yake miwili imewakumbatia propu. Huka wa Chemaluk alikuwa Phelix Ajwang, fundi wa mitambo kiwandani, rafiki wa Jackton tangu siku waliyopanda pamoja kutoka upande wa ziwa kuja kutafuta kazi. Jackton hakujua kukimbia, wala hakujua kudaka mpira vizuri. Alijua kusukuma. Alikuwa na kilo themanini na sita, na kilo hizo ndizo zilizomfanya mtu.

Desemba ya mwaka wa tisini na tano alikwenda kwao likizoni, akaugua. Ilikuwa homa ya matumbo, taifodi ya kawaida kabisa, na alipewa karatasi ya hospitali iliyosema hivyo. Wiki tatu hakula kitu kikakaa tumboni. Aliporudi Chemaluk katikati ya Januari aliamka kabla ya jogoo, akafungua banda la kupimia, akajifunga gunia tupu la majani, akaning'inia peke yake kwenye mizani yake. Sabini na sita.

Sasa, mtu mwenye akili angetoa ile karatasi, akawaonyesha watu, wakampa pole na maziwa. Lakini miaka ile mtu akikonda hakuulizwa, alisemwa. Kwao wangesema ni chira, amevunja mwiko wa ukoo. Huku kwenye majani chai wangesema ni ukimwi, na wangesema kwa kumwangalia mkewe. Na karatasi? Kila aliyekuwa nao alikuwa na karatasi iliyosema ni kifua kikuu au malaria. Jackton aliikunja karatasi yake, akaiweka ndani ya Biblia, akavaa sweta mbili. Aliwaambia watu kwamba baridi ya mwaka huu imezidi.

Angeweza pengine kupita hivyohivyo, kama si Bwana Kiptum. Alexander Kiptum alikuwa msaidizi wa meneja wa kiwanda na kocha wa timu, mtu mfupi mwenye kitambi ambaye hakumaliza sentensi bila kunyoosha kidole. Jumatatu ya kwanza ya Februari aliwakusanya uwanjani, ng'ombe wa watu wakila nyasi kwenye goli la upande wa pili.

"Hii timu iko na watu wangapi?" aliuliza. "Kwa karatasi, ishirini na wawili. Sasa hesabu wale wanaweza kukimbia. Mmoja ameoa, hatoki nyumbani. Wawili wamehamishwa. Nyaberi mgongo umekataa. Mimi naona watu kumi na wanane. Msimu unaanza mwisho wa Machi, mechi kumi na mbili. Mtu akivunjika mguu nani ataingia? Mimi?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Kila Ijumaa mtapimwa kilo, na kila Jumatano mtakimbia kutoka mtoni mpaka geti la kiwanda. Propu akiwa chini ya themanini, hachezi. Skramu si kanisa, huwezi kuingia na imani peke yake. Afadhali niombe mtu shamba la jirani."

Propu wazima walikuwa wawili tu: Jackton, na Kipkemoi, mwanamume wa miaka ishirini na mitatu aliyekuwa akitia kuni kwenye boila, kilo themanini na nane za nguvu tupu na adabu tupu. Jackton alijiambia kwamba yeye akitoka, timu imekufa. Alijiambia hivyo mara nyingi, mpaka akaanza kujiona kama anajitolea. Ukweli ni kwamba aliogopa kushushwa kwenye mizani mbele ya watu, na nambari ile isikike.

Ijumaa alikuja na suruali pana ya mazoezi. Chini yake, kwenye kila paja, alikuwa amefunga kipande cha chuma alichokiokota kwenye takataka za karakana, akakizungushia bandeji kama mtu aliyeteguka msuli. Vyote viwili, kilo nne. Juu ya hapo alikuwa amekunywa uji na maji mpaka tumbo likawa linasikika akitembea. Alikuwa amewakamata wachumaji kwa ujanja huo kwa miaka kumi na moja, na alipokuwa akifunga bandeji ile hakulifikiria hilo hata kidogo. Mtu akitaka kutojiona, hajioni.

Aliwapima wenzake wote yeye mwenyewe. Zamu yake ilipofika, Bwana Kiptum alisogea kwenye mizani. "Themanini na mbili!" akatangaza. "Karani, umepungua kidogo, lakini uko sawa."

Wachumaji waliokuwa wamebaki na vikapu vyao walikuwa wakitazama vituko vile. Mmoja wao, Nyanchama, mama wa makamo mwenye ulimi mwepesi, alisema akicheka, "Karani, hizo kilo umeziweka wapi? Shingo yako mimi naizungusha kwa mkono mmoja!"

Foleni nzima ilicheka, na Jackton alicheka nao. Kesho yake alimkata Nyanchama kilo tatu, akasema majani yake yana umande. Hayakuwa na umande. Nyanchama alimtazama tu, akabeba kikapu kitupu akaenda. Jackton alipata kumwomba radhi baadaye, lakini hilo nalo linamkereketa mpaka leo.

Mbio za Jumatano alizikwepa kwa njia rahisi zaidi. Alijitolea kushika saa. Nani angekataa karani kushika saa? Alisimama getini akiwaona wenzake wakipanda kutoka mtoni katikati ya chai, wanahema, jasho linawatoka, Kipkemoi mbele yao kila wiki, naye akiandika dakika zao kwa mwandiko mzuri. Kwenye mazoezi ya skramu alisema paja linamsumbua, asisukume sana mpaka lipone. Bwana Kiptum alimwachia. Mtu wa miaka kumi na moja anaaminika.

Kisha ikaja Jumamosi ya mechi ya kujipima nguvu na vijana wa Roret, wiki mbili kabla ya msimu. Vyuma vilibaki nyumbani, chini ya kitanda. Skramu tatu za kwanza Jackton alizimudu kwa kukaza meno. Ya nne, Roret walisukuma kwa pamoja. Alishindwa kuwazuia. Upande wake ulizama, skramu yote ikageuka ikawaangukia, na katikati ya zile pumzi na matope akasikia mlio mkavu, kama mtu amevunja ukuni. Phelix alikuwa chini kabisa. Mikono yake ilikuwa bado imeshikilia propu zake wawili, hivyo hakuwa na mkono wa kujikinga. Ulikuwa ni mtulinga, ule mfupa wa bega.

Walipokuwa wakimpakia Phelix kwenye pikapu ya kiwanda, Bwana Kiptum alimgeukia Kipkemoi, kidole kikiwa usoni mwake.

"Ni wewe! Nimeona! Umelegea upande wako, ukamwangusha mwenzako. Hujui kazi ya propu. Lete hiyo jezi."

Kipkemoi alivua jezi palepale, akaikunja vizuri, akampa. Jackton alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwao. Aliona kila kitu. Alijiambia atasema mambo yakitulia. Usiku ule hakula, na mkewe alipomuuliza, alisema paja.

Jumapili baada ya ibada alibeba chupa ya uji, akaenda hospitali ya misheni kule Kaplong. Alipoingia wodini alimkuta Kipkemoi kando ya kitanda cha Phelix, ameinama, kofia ikiwa mkononi.

"Nisamehe, Phelix," alikuwa akisema. "Mimi niliona nimesukuma na nguvu yangu yote. Lakini kocha amesema ni mimi, na yeye anajua mchezo."

"Wacha hayo, ndugu yangu," Phelix alimjibu. "Ni mambo ya mchezo. Mfupa utashika." Na alipokuwa akisema hivyo, macho yake yalipita juu ya bega la Kipkemoi yakamkuta Jackton mlangoni, yakakaa hapo.

Kipkemoi aligeuka, akamsalimia kwa Kipsigis, akampisha kiti. "Chamgei, mzee. Keti. Mimi nilikuwa natoka, mama yangu ananingoja nje."

Alipotoka, Jackton hakuketi. "Phelix, si yeye."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Omera, ndugu yangu, mkono wangu unakaa wapi kwa skramu? Kwa mbavu zako. Tangu Februari nimekuwa nikizihesabu moja moja. Nilijua uzito ule wa mizani ni uongo, ila sikujua uliupata wapi."

"Kwa nini hukusema?"

Phelix alitazama dirishani. "Nilidhani unakufa," alisema. "Nilidhani ni ule ugonjwa. Nikasema, wacha acheze msimu wake wa mwisho, hata kama tutapigwa. Bibi yangu nilimkataza asikuulize. Kila tukishikana nilikuwa nakubeba wewe na mkono huu."

Jackton alisikia uso wake ukiwaka moto mpaka masikioni. "Ilikuwa taifodi," alisema.

"Taifodi?"

"Taifodi tu. Karatasi iko."

Phelix alitaka kucheka, bega likamkataza, na kilichobaki usoni hakikuwa kicheko. "Taifodi," alirudia. "Na ukanyamaza. Na jana kijana wa watu akavuliwa nguo mbele ya uwanja, bado ukanyamaza." Aligeuza uso ukutani. "Toka nje, Jackton. Yule kijana hajafika barabarani."

Alitoka mbio. Hakuwa amekimbia hivyo tangu Novemba, na ua wa hospitali ile una mteremko kisha kilima kidogo kabla ya geti. Kufikia nusu ya kilima pumzi ilikuwa imekatika. Watu waliotoka kuwaona wagonjwa wao walisimama kumtazama mzee huyu mwenye koti la Jumapili, anashika mbavu na kuita jina la mtu. Kipkemoi alisikia, akarudi akimkimbilia, akamshika mkono.

"Pole pole, mzee. Utaanguka. Ni Phelix? Amezidiwa?"

Jackton alitikisa kichwa. Nyuma ya Kipkemoi alikuwa anakuja mama mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani, kibuyu cha maziwa mkononi. Ni Priscah, mama yake Kipkemoi, aliyetoka Chebunyo alfajiri aliposikia mwanawe amemvunja mtu. Kabla Jackton hajapata pumzi, mama yule aliutwaa mkono wake kwa mikono yake yote miwili, akainamisha kichwa.

"Wewe ndiye karani," alisema. "Ameniambia wewe ndiye rafiki ya huyo mgonjwa. Tusamehe. Leo nimesimama mbele ya kanisa hapa misheni, nimeombewa kwa ajili ya huyu mtoto. Yeye si mtu mbaya. Tuambie tufanye nini, tutafanya."

Kwa miaka kumi na moja Jackton Aluoch alikuwa ametangaza uzito wa watu. Sasa alitangaza wake.

"Mama, si yeye," alisema. "Ni mimi. Nilikuwa mgonjwa, nikaisha, nikaogopa watu watasema nini. Nikajifunga vyuma mapajani siku ya kupimwa. Kilo zangu ni sabini na sita. Skramu imeangukia upande wangu. Nilimwona kocha akimvua mtoto wako jezi na nikanyamaza."

Priscah hakuelewa mara moja, ilibidi Kipkemoi amweleze kwa Kipsigis. Alieleza polepole, na katikati ya maelezo ni kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akielewa kwa mara ya kwanza. Alimgeukia Jackton.

"Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mwanamume yule wa kilo themanini na nane alikaa chini kwenye nyasi kando ya geti, akafunika uso kwa kofia yake, mabega yakatikisika. Watu walikuwa wakipita. Jackton alitamani Priscah amtukane, au hata ampige, na angeshukuru. Lakini mama alikuwa bado ameushika mkono wake. Aliutazama kwa muda, akauachilia, akachuchumaa kando ya mwanawe.