Waya Uliozunguka Nyumba ya Bibi Zipora

Jua la Makutupora, nje kidogo ya Dodoma, ndiyo kwanza linachomoza juu ya mizabibu, na Lydia Yotham amesimama katikati ya uwanja, kiganja kimoja usoni, anapima mwanga. Lango la mji huu wa familia moja linatazama mawio. Kamera ikiinuliwa kupita kiasi, kila asubuhi itaona weupe mtupu, na mwizi atapita ndani ya weupe huo huku akipiga mluzi.

"Naanza na jua," anasema, akirudi nyuma kidogo. "Waya baadaye."

Kisha anatazama chini, anaguna. Jana jioni alipigilia vigingi na kuvuta kamba kutoka kibanda cha pampu, kilicho nyuma upande wa shamba, hadi nyumba kubwa ya bati iliyo karibu na lango. Hiyo ndiyo njia ya mtaro wa kufukia waya. Leo vigingi vimeng'olewa. Vimelazwa kando kwa mpangilio, na kamba imekunjwa vizuri juu yake. Ni mara ya pili sasa.

"Mbuzi hao," anasema Seth, kibarua aliyekuja na sururu yake.

"Mbuzi gani anakunja kamba, kaka Seth?"

"Basi ni mbuzi aliyesoma."

Wanacheka. Lakini macho ya Lydia yameshakwenda kwenye nyumba ya udongo iliyo katikati ya uwanja, tembe la zamani lenye paa bapa, lililokaa kiubavu kati ya kibanda na lango. Mlangoni ameketi Bibi Zipora, anapeta uwele. Hainui kichwa.

Huu ni mji wa Nathanaeli, mwana wa bibi huyo, mkulima na mchuuzi wa zabibu. Mwezi uliopita wezi walimng'olea pampu ya kumwagilia mizabibu, mchana, yeye akiwa safarini Morogoro na mama yake akiwa kanisani. Pampu mpya inafika Jumamosi, naye ameapa kwamba haifungwi mpaka pawe na kamera inayoona. Kamera aliinunua Kariakoo, ndani ya boksi lenye maandishi ambayo hakuna mtu hapa awezaye kuyasoma.

Lydia ana umri wa miaka ishirini na minane. Ufundi aliupata nyumbani. Baba yake alikuwa fundi umeme katika shirika moja la umma, na shirika lilipouzwa alipunguzwa kazini pamoja na wenzake, akarudi Dodoma na sanduku la vifaa. Hakupata ajira nyingine. Akaanza kufunga taa kwenye nyumba za watu, na Lydia, aliyekuwa bado shule, akamshikia tochi.

"Baba alikuwa hasemi sana," anakumbuka. "Ukikosea alikuwa anazima swichi kuu, anakaa chini, anasubiri ujione mwenyewe. Wakati mwingine tulikaa hivyo mpaka uji ukapoa."

Sasa nyumba mpya zinaota mjini Dodoma na bidhaa za kila namna zimejaa madukani. Mwezi mzuri Lydia huingiza kama shilingi laki moja. Mwezi mbaya anatengeneza redio na pasi. Kazi hii ya Makutupora ni ya kwanza kuifanya kwa jina lake mwenyewe, bila fundi mkubwa wa kumsimamia.

Asubuhi ile, badala ya kupigilia vigingi upya, aliiegemeza ngazi ukutani na kwenda mlangoni kwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeamkaje?"

"Salama tu."

Akakaa chini, akavuta ungo uliokuwa pembeni, akaanza kuchambua mawe kwenye uwele. Bibi akapeta, yeye akachambua. Upepo ukapuliza makapi yakawaingia wote machoni. Wakafikicha, wakaendelea. Seth, kule uwanjani, aliona mambo yanakuwa marefu, akajilaza kivulini na kofia usoni.

"Hujaniuliza kitu," bibi akasema hatimaye.

"Sijauliza, bibi."

"Ndiyo maana nitakwambia."

Akaonyesha kwa kidevu mahali chini ya ukuta wa mbele, penye michirizi ya maji ya mvua, pale pale kamba ilipokuwa imepita. "Pale amelala mwanangu wa kwanza. Hakufikia kuota jino. Wanawake ndio waliomzika, mama mkwe wangu na wenzake, karibu na nyumba ili asione upweke. Hapakuwa na matanga. Nikaambiwa nisilie kwa sauti."

Lydia aliacha kuchambua. "Mzee Nathanaeli anajua?"

"Anajua kwamba wa kwanza ni yeye. Mama mkwe alinikataza, akasema mtoto anayefuata haambiwi, ataogopa. Nikanyamaza. Miaka ikapita, na sasa ningeanzia wapi? Mtu ana ndevu, ana pikapu, nimwite nimwambie njoo, una kaka?" Akacheka kidogo, akajifuta jicho kwa pembe ya kanga. "Kila asubuhi nikifagia, nikifika pale napita polepole. Basi. Nikiona sururu inakuja pale, mkono wenyewe unakwenda kwenye vigingi."

"Bibi, ungeniambia tu."

"Nimekwambia. Ila yeye usimwambie. Nikiweza nitamwambia kwa kinywa changu. Wewe nitafutie namna sururu isifike pale."

Lydia akaahidi. Hapo ndipo kazi rahisi ilipokuwa ngumu, maana njia nyingine zote zilikuwa na kasoro. Kuuzungusha waya kwenye ua wa minyaa mpaka nyumba kubwa kungehitaji waya mrefu kuliko ule uliokuja na kamera, na kiungo kikikaa nje, mvua ya kwanza ingeingia ndani yake na picha ingekufa. Kuupitisha hewani pamoja na waya wa umeme uendao kwa bibi nako hakufai, kwani picha hujaa mistari inayotetemeka. Na waya ukining'inia peke yake, mwizi anaukata kwa kisu cha kuchumia zabibu.

Mchana Nathanaeli alifika na pikapu yake, vumbi mpaka kwenye kope.

"Fundi! Hujachimba hata shimo la kuku?"

"Njia ile siichimbi, mzee."

"Kwa nini? Mwamba?"

"Siyo mwamba."

"Sasa nini? Sema."

"Sababu ninayo, lakini si yangu kuitoa."

Nathanaeli alimtazama Seth. Seth akatazama sururu yake kama vile ndiyo kwanza anaiona. "Binti, mimi nimekuita unifungie kamera, hukuja kunitegea vitendawili. Jumamosi pampu inafika. Kama huwezi, kunja vyombo vyako, niwapigie simu mafundi wa Dar."

Lydia alikiri baadaye kwamba alikaribia kusema. Kumwambia ukweli kungemtoa kwenye shida kwa sentensi moja. Akaangalia lile boksi lililotakiwa kukaa sebuleni kwa Nathanaeli, kinasa picha na kijitelevisheni chake, halafu akaangalia nyumba ya udongo. Waya ulikuwa unalazimishwa kwenda mbali kwa sababu ya boksi hilo tu.

"Mzee, wewe kwa wiki unalala hapa siku ngapi?"

"Mbili. Zikizidi, tatu."

"Na mchana yuko nani?"

"Mama."

"Basi televisheni ikae kwa mama. Kutoka kibandani mpaka ukuta wake wa nyuma waya unatosha na kubaki, na hakuna uwanja wa kuchimbwa. Soketi anayo. Akiona mtu, anapiga yowe, majirani wanafika kabla mwizi hajafungua nati."

Nathanaeli aliangua kicheko. "Mama? Redio yenyewe anawashiwa na jirani!"

"Redio inaongea bila kuonyesha sura," sauti ya Bibi Zipora ilitoka mlangoni. "Mtu asiye na sura nitamsikilizaje?"

"Mama, hii siyo sinema."

"Nami sijaomba sinema. Pampu ilipoibwa nani alikuwa Morogoro?"

"Na nani alikuwa kanisani?"

"Nilikuwa nakuombea wewe, mjinga wangu."

Hata Seth alicheka. Nathanaeli akajikuna shingo, akasema haya, jaribuni, lakini picha ikiwa mbaya anajua wa kumlaumu.

Walifanya kazi siku mbili. Lydia aliuweka waya ndani ya bomba la plastiki, akaufukia nyuma ya nyumba, mahali ambapo bibi mwenyewe alipita kwanza kwa mguu na kusema hapa sawa. Tundu la ukutani alilitoboa kwa kulielekeza juu kidogo kwenda ndani, na nje ya tundu akauacha waya uning'inie kama tumbo dogo, ili maji ya mvua yateremke hapo na kudondoka badala ya kuufuata waya mpaka kitandani kwa bibi. Alipotaka kuziba kwa saruji, bibi alimzuia.

"Saruji na udongo havipatani. Itapasuka. Sogea."

Akaleta udongo uliochanganywa na samadi, akaliziba kwa vidole vyake, akalisawazisha kwa kiganja chenye maji mpaka huwezi kujua waya umeingilia wapi.

Ijumaa alasiri ilikuwa zamu ya kupima picha. Kazi hii inataka watu watatu. Mmoja yuko juu ya ngazi akigeuza kamera, mmoja anatembea uwanjani ili ijulikane kamera inaona mpaka wapi, na wa tatu anatazama televisheni na kupaza sauti. Lydia alikuwa juu ya ngazi pale kibandani. Nathanaeli alitembea. Bibi Zipora alikuwa chumbani, dirisha wazi.

"Unaniona, mama?"

"Nakuona! Umenenepa."

"Na hapa langoni?"

"Kichwa hakipo."

Lydia akashusha kamera kidogo. "Sasa, bibi?"

"Sasa kipo. Na kofia ile mbaya ipo."

Nathanaeli, akicheka, alirudi kwa kuufuata ukuta wa nyumba ya mama yake, kisha akasimama chini ya michirizi, akainua mikono yote miwili kama mtoto. "Na hapa je?"

Akapunga mikono.

"Mama? Na hapa je?"

"Sogea," bibi akasema. Haikuwa sauti ile ya utani. "Sogea kidogo tu, baba. Umesimama juu ya kaka yako."

Juu ya ngazi, Lydia alikuwa anakaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazika. Akaendelea kuikaza. Nathanaeli alishusha mikono. Alitazama miguu yake, akaondoka mahali pale taratibu, akavua kofia.

"Kaka yangu nani?"

"Wa kabla yako. Jina la kanisani hakulipata. Mimi nilikuwa namwita Eliakimu, kimoyomoyo."

"Fundi," Nathanaeli akauliza bila kugeuka, "wewe ulijua?"

"Nilijua, mzee."

Nathanaeli alikaa chini, mgongo ukutani, suruali safi kwenye vumbi. Bibi akatoka nje akikokota kanga, akakaa kando yake, akaanza kumweleza kwa Kigogo, kwa sauti ndogo, kuanzia mwanzo. Seth alichukua sururu akaenda shambani bila kutumwa. Ndani, televisheni iliendelea kuwaonyesha hao wawili, na hapakuwa na mtu wa kuitazama.

Pampu ilifika Jumamosi, ikafungwa. Bibi Zipora ameshapiga yowe mara moja, na majirani wakakuta ni Nathanaeli amerudi na kofia mpya. Bibi alipoombwa ruhusa ya habari hii kuandikwa gazetini, alisema, "Andikeni. Na jina la mtoto msilikosee."

Lydia sasa hagusi sururu kabla hajauzunguka uwanja na mama mwenye umri mkubwa kuliko wote nyumbani hapo. Baadhi ya wenye nyumba hukasirika kwamba anapoteza muda. Anataka kupanga chumba cha mbele pale mtaa wa Kikuyu, Dodoma, kiwe karakana yake, achukue mabinti wawili wa kujifunza. Kodi ya kuanzia itatoka kwenye kazi ya Jumatatu, nyumba ya mtumishi mmoja wa serikali huko huko Kikuyu, kazi aliyotafutiwa na Nathanaeli.

Nathanaeli alimpigia simu mtumishi huyo mbele ya Lydia, akiwa ameegemea pikapu. Alimsifu fundi wake kwa maneno machache, akaagana, halafu akakumbuka kitu na kupiga tena.

"Huyo binti," alimwambia mwenye nyumba, "akikwambia hapa sichimbi, usimuulize sababu. Mwache akutafutie njia nyingine."