Kiti cha Upande wa Ziwa

Kaka yangu alikuwa amekuja Dar kwa shughuli zake, na ndiye aliyetukatia tiketi za kurudi nyumbani. Kiti changu alinichagulia yeye. Kulia, alisema, dirishani, nyuma kabisa ya injini, maana ile ndege ni ya pangaboi na ukikaa usawa wa injini utatazama chuma safari nzima. Nikae kulia nilione Ziwa Rukwa. Nilimwambia nataka kushoto. Ndege ikikaribia Sumbawanga, Mollo inakuwa kushoto, na Mollo ndiko liliko shamba la mama.

Akacheka kile kicheko chake cha kumfundisha mtu. Uache ziwa, akasema, utazame ulezi? Akaniita mshamba mbele ya mhudumu wa ndege. Mimi nina hasira za karibu, na huyu ndugu yangu sijampenda tangu alipojitwalia usemaji wa familia siku tuliyomzika baba. Lakini sikutaka kugombana mbele ya abiria, nikakaa kulia. Yeye akakaa kiti cha pili, akanizibia njia.

Shamba lile ndilo tulilokuwa tunakwenda kulizungumza. Mama alivunjika mguu mwaka uliopita, na tangu hapo anakaa kwa kaka, mtaa wa Mazwi mjini, hajakanyaga Mollo. Kila nikimpigia simu ananiuliza habari za ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo sisi Wafipa tunafukia nyasi chini yake mvua zinapokaribia kwisha, zioze na kurutubisha udongo wa msimu unaofuata. Kaka alimwapia kwamba ameweka vibarua na ntumba zipo kama kawaida. Mama alitaka siku asipokuwepo shamba libaki kwangu. Hilo tu.

Ziwa nililiona. Sitaki kulisifu. Lilikuwa refu, la rangi ya matope, na bonde lake likitoa joto hata kwa kulitazama. Kaka alinyoosha kidole kila dakika, Mtowisa ile pale, majaruba ya mpunga yale, mpaka nikaona ananichunga macho.

Tulipokaribia kutua, rubani alitangaza kwamba upepo umegeuka, tutazunguka na kutua kwa upande mwingine. Ndege ikalalia kulia. Kaka akaacha kuongea. Akainama mbele yangu, akashusha kifuniko cha dirisha, eti jua litaniumiza macho. Nikakipandisha.

Aliyekulia kwetu hawezi kukosea ntumba, hata akiwa juu. Shamba zima linakuwa vinundu vinundu. Mashamba ya majirani yalikuwa hivyo pande zote. Letu, kando ya mikaratusi aliyoipanda baba, halikuwa na tuta hata moja. Kulikuwa na viwanja vilivyopimwa, barabara za vumbi zilizonyooka, na misingi ya nyumba za watu nisiowajua.

"Umeliuza," nilisema.

"Mama hatoki nje. Angejuaje?"

Nilimchukia pale kwa namna ambayo mpaka leo sijaiungama kwa padri. Nikapanga kumwambia mama yote mbele yake na mbele ya mkewe, na nikamwombea aibu itakayomfuata mpaka kanisani. Tulipotua tukapanda gari mpaka kwake.

Mama alikuwa barazani, mguu ameuweka juu ya stuli. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanishika mikono yote miwili. Kaka alisimama nyuma yangu na begi langu. Mama alisema amesikia kwamba mtu akiwa ndani ya ndege anaona kila kitu.

"Ntumba zangu umeziona, mwanangu?"

Nilifungua mdomo nimseme yule mwanamume. Nikautazama mguu ule, ulivyokonda, na uso wake ulivyokuwa ukiningoja.

"Nimeziona, mama. Ni nyingi."

Akaniachia mikono. Kwa sauti ya kawaida kabisa akasema kwamba wanawake wa jumuiya ya kanisani walimweleza tangu Kwaresima, walipopita Mollo wakakuta mawe ya mipaka. Mama hakumuuliza kaka, kwa sababu jibu lake alilijua. Alikuwa ananisubiri mimi.

"Basi mko wawili," alisema, akamwita mke wa kaka aje amsaidie kuingia ndani.