Jicho Jipya la Msemaji

Siku Sebagabo alipomkumbatia mpambaji wa turubai akidhani ni baba wa bwana harusi, ndipo mkewe Epiphanie alipoona kwamba maneno matupu hayatoshi tena.

Halikuwa kumbatio la haraka. Pale Gisenyi hakuna msemaji anayetafutwa kama Sebagabo katika sherehe za kuposa. Yeye ndiye anayekaa mbele upande wa binti na kuwajibu wageni waliokuja kuomba mke, na kumbatio lake ni sehemu ya kazi: mikono wazi, kifua mbele, kisha maneno marefu ya Kinyarwanda kuhusu ukoo na ng'ombe. Mpambaji, aliyekuwa akifunga maua kwenye nguzo, aliyapokea yote kwa adabu. Baba wa bwana harusi mwenyewe alibaki pembeni, mikono ameinyoosha, akikumbatia hewa.

"Papa Tuyisenge, we hauone tena," Epiphanie alimwambia walipofika nyumbani.

"Mi naona muzuri. Ule mutu alivaa kostimu ya mukubwa."

"Alivaa ovaroli."

Epiphanie alikuwa na haki ya kusema. Yeye ni mshonaji, na mtoto wa jicho alikwisha kutolewa kwenye macho yote mawili, naye akawekewa lenzi za kawaida. Akiwa mlangoni pake anaitambua mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, dagaa wa huko, kule ziwani, lakini akishika sindano lazima avae miwani. Jozi moja huning'inia shingoni kwa uzi wa kitenge, nyingine hukaa utosini, na kutwa nzima yeye huitafuta ya tatu. Sebagabo alimpa jina la Duka la Miwani, akalitumia hata mbele ya wateja.

Binti yao Tuyisenge, anayefanya kazi Kigali, aliwapeleka katika kliniki ya macho huko. Daktari aliitwa Umuhire, mwanamke aliyezaliwa Bukoba na kurudi Rwanda na wazazi wake. Aliposikia wazee wanabishana kwa Kiswahili cha Goma, walikoishi miaka mingi kabla ya kurudi, akawajibu kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula.

"Mzee, nawe una mtoto wa jicho, itabidi uwekewe lenzi mpya. Lenzi za mama ni za umbali mmoja. Zinachukua mwanga wote na kuupeleka mahali pamoja. Mbali anaona vizuri sana, karibu anahitaji miwani. Hizi nyingine zinaugawa mwanga: fungu la mbali, fungu la kati, fungu la karibu."

"Bon. Iyo ya kugawa ndiyo yangu," Sebagabo alidakia. "Wageni wako kule, bibi harusi iko katikati, karatasi ya majina iko hapa mukononi. Mi niko na kazi tatu, docteur."

"Subiri kwanza. Mwanga ukigawanywa, kila fungu linakuwa dogo. Penye mwanga hafifu hutaona kwa ukali kama mama. Na gizani taa zitaonekana zimezungukwa na pete, hasa miezi ya mwanzo, mpaka ubongo uzoee. Wengine huzisahau, wengine huwasumbua muda mrefu. Unaendesha gari usiku?"

"Hapana."

"Ndiyo," alisema Epiphanie.

"Kidogo tu."

"Kila samedi, siku ya sherehe. Kutoka Bugeshi, na ukungu yote ile."

Umuhire aliinamia kifaa chake ili asionekane akicheka. Nyuma ya jicho palikuwa pazima, alisema, kwa hiyo lenzi zote mbili zinawezekana. Wangeanza na jicho moja, na mzee angeamua kuhusu la pili baada ya kuishi na hilo la kwanza.

Sebagabo alijisemea kwamba anachagua ile ya kugawa kwa ajili ya kazi. Ukweli ni kwamba ana pua nzuri, anajua kwamba ni nzuri, na hakutaka kuitundika miwani mbele ya wageni. Epiphanie alilijua hilo tangu walipokuwa wachumba.

Upasuaji ulikuwa mfupi kuliko hotuba zake. Kesho yake bandeji ilipotolewa, alichukua chupa ya dawa ya matone akaisoma kwa sauti bila miwani, mpaka jina la kiwanda. Ndani ya basi la kurudi alisoma vibao vya barabarani, akasoma maandishi madogo kwenye vifungo vya koti la abiria wa mbele. Epiphanie akajifanya amelala.

Nyumbani akawa hashikiki. Mteja akiingia, Sebagabo alimpokonya mkewe sindano, akatia uzi mara moja, akamrudishia kama mtu anayetoa zawadi. "Duka la Miwani limefunga leo?" aliuliza. Lakini jioni moja, walipokuwa wakitembea kando ya ziwa, taa zilipoanza kuwaka, alisimama ghafla.

"Yesu! Mapikipiki yote iko na taji!"

"Kumbe wale motards ni watakatifu," alisema Epiphanie, "na mi kila siku nawagombeza juu ya bei."

Kazi ya kwanza baada ya jicho hilo ilikuwa Busasamana, alikokwenda na mkewe, kwa mjane aitwaye Nyiramana, ambaye binti yake Mwiza alikuwa anaposwa. Sebagabo alisimama, akalisoma jina la kila mgeni bila kuileta karatasi puani, akaingia katika hotuba yake ile maarufu. Alipofika kwenye babu wa ng'ombe wa kwanza wa ukoo, aliinua uso.

Ilikuwa miaka mingi tangu azione nyuso za watu waliokaa mbele yake. Mstari wa tatu palikuwa na mzee amelala, mdomo wazi. Wanawake wawili walikuwa wakionyeshana picha kwenye simu. Nyuma yao bwana mmoja alikuwa akitamka kila neno la hotuba kimyakimya pamoja naye, akiiga hata mikono, na jirani zake wakijibana wasicheke. Nyiramana mwenyewe alitazama moshi wa jikoni, akamtazama msemaji, kisha akazungusha kidole taratibu: malizia, baba. Miaka yote hiyo Sebagabo aliamini kwamba ukimya ule ulikuwa wa kumsikiliza.

Akanyamaza katikati ya sentensi. Yule mzee akaamka. Bizimana, msemaji wa upande wa wageni, alikuwa amevua kiatu apumzishe mguu, akawa anakitafuta chini ya kiti kwa vidole.

Macho ya Sebagabo yakamwangukia Mwiza. Binti alikuwa akiikunja na kuikunjua kona ya mshanana wake, vazi la sherehe. Basi akaiweka karatasi chini, akamuuliza kwa upole, kama baba wa nyumbani: huyu mtu unamtaka kweli, au tuwape chakula waende zao? Watu waliangua kicheko. Mwiza naye akacheka, akaitikia kwa sauti iliyofika hadi kwa wapishi. Wali ulikuwa bado wa moto walipokula, na Nyiramana alimshukuru kwa kumshika mikono yote miwili.

Giza lilipokaribia, Epiphanie alichukua ufunguo wa gari bila kuomba. Waliteremka polepole kati ya mashamba ya viazi. Kwenye kona ya pili Sebagabo alimgeukia mkewe.

"Mama Tuyisenge. Zamani pia walikuwa wanalala?"

"Ee."

"Wengi?"

"Wa nyuma. Na wa mbele."

"Na we haukuniambia!"

"Mi pia nilikuwa nalala."

Sebagabo aligeukia dirisha. Lori lilikuja mbele yao, taa zake zimevaa pete kubwa mbili, akafumba macho hadi likapita.

"Docteur anangoja jibu ya jicho ya pili," alisema Epiphanie. "Weka kama yangu. Pete zitapunguka, na utaendesha voiture usiku."

"Hapana. Aweke ile ile ya kugawa."

"Ili uwaone wakilala?"

"Niwaone kabla hawajalala. Donc voiture ya usiku ni yako."

Epiphanie alicheka, akashusha miwani kutoka utosini akaitia mfukoni, maana barabarani haikuwa na kazi, akabadili gia.