Taa Zilizomkana Mjomba

Jamani, kaeni niwape kisa cha taa zilizotaka kumfukuzisha kazi mjomba wangu.

Taa zenyewe nilizifunga mimi, kwa mikono yangu hii hii.

Ilianza na simu ya dada wa mapokezi.

"Dada wa taa, uko wapi? Njoo haraka. Yule mzee wa chumba cha mikataba, watu wanasema ana kitu."

"Kitu gani?"

"Sisi tukikaa, taa zinawaka. Akikaa yeye, zinazima. Mfanyausafi kaapa hafagii tena kile chumba mpaka kiombewe."

Nikaangua kicheko. Halafu nikaacha kucheka ghafla, maana mzee wa chumba cha mikataba ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu tumbo moja. Na pale ofisini hakuna aliyelijua hilo isipokuwa sisi wawili.

Mwenyewe ndiye aliyetaka iwe siri. Siku aliponidokeza kwamba kampuni yao inatafuta mtu wa taa, alinionya: "Ukipata, upate kwa kichwa chako. Sitaki mtu aseme umepita mgongoni kwangu."

Nikapata kwa kichwa changu.

Kazi yangu ni kupanga taa za maofisi zisile umeme bure. Na jengo lile, Mungu anisamehe, lilikuwa linakula umeme kama lina ugomvi nao.

Ilikuwa kampuni ya bima. Dari zima limejaa mirija ya zamani inayovuma kama nyuki, inawaka kutwa kucha. Chooni hakuna mtu, taa. Stoo kuna mafaili na panya, taa. Upande wa madirishani jua linapiga mpaka watu wanafunga mapazia, halafu wakishafunga, wanawasha taa ili waone!

Nikavua mirija yote. Dari nikalipaka rangi nyeupe ili mwanga urudi chini. Meza nikazigeuza zipate mwanga wa dirisha kwa ubavuni, nikafunga taa nyembamba za LED, na zile za karibu na dirisha zikawa zinajipunguza zenyewe jua likikolea.

Kisha katika dari la kila chumba nikaweka kidude kidogo cheupe. Kikiona mtu anatembea, taa zinawaka. Kisipoona mwendo kwa muda, zinazima.

Wafanyakazi wakakibatiza jina: jicho.

Bili ya umeme ya kwanza ilipokuja, Mkurugenzi alinipigia simu nusura aimbe. Akaniahidi jengo lao la pili, lililo ng'ambo ya barabara, kubwa kuliko lile. Ndugu zangu, mimi nilikuwa natoka kwenye kufunga taa za maduka ya nguo. Jengo la pili lilikuwa kutoka kimaisha.

Sasa siku ile ya simu ndiyo siku niliyoitwa kwenda kusaini.

Nikaona kabla ya kwenda juu kwa Mkurugenzi, nipite kwa mjomba kwanza.

Chumba chake kiko kwenye korido ndefu yenye vyumba pande zote. Kuta zake ni za vioo vya ukungu, unaona mwanga wa ndani lakini humwoni mtu. Vioo vyote vilikuwa vinang'aa. Cha kwake kilikuwa cheusi tii.

Nikafungua mlango. Jicho likaniona mimi, taa zikawaka paa!

Mjomba alikuwa amesogeza kiti hadi kwenye kidirisha kinachotazama ukuta wa jirani. Mkataba ameuleta mpaka karibu na pua. Hata hakugeuka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Funga mlango, niko katikati ya sentensi."

Nikafunga, nikasimama. Yeye anasoma, mimi namtazama. Muda kidogo, taa zikazima. Giza.

Nikaelewa palepale.

Mjomba wangu kazi yake ni kusoma mikataba ya bima neno kwa neno, kabla haijatoka kwenda kwa wateja. Na akisoma, hatikisiki. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunashindana nani atamfanya apepese macho, na hakuna aliyewahi kushinda. Jicho langu linaona mtu anayeingia, anayesimama, anayepunga mkono. Kidole kinachoshuka taratibu mstari kwa mstari halikioni hata kidogo. Tena mimi, kwa tamaa ya kuipendeza ile bili, nilikuwa nimeyategesha macho yote yazime mapema.

"Mjomba, si ungepunga mkono tu ziwake?"

Akashusha miwani.

"Nimekubeba mgongoni ukiwa na surua, unanitapikia shati. Leo nilipigie saluti dari lako?"

"Basi nikubadilishie. Yapo macho mengine makali, yanaona hata mtu akihema."

"Usilete ngazi humu, utanimwagia vumbi kwenye karatasi. Giza linanipumzisha macho. Nenda zako, unasubiriwa."

Kauli hiyo ya kupumzisha macho aliisema huku ameyakaza kwenye karatasi hadi mishipa ya paji imemsimama. Nilitaka kubisha, lakini mjomba akisema nenda, unakwenda.

Nikapanda kwa Mkurugenzi.

Ni kijana tu, mwenye haraka zake, viatu vinang'aa. Akanipokea kama nimetoka kumwokolea nyumba isiungue.

"Fundi! Unajua taa zako zimenifanyia nini?"

"Zimepunguza bili, bosi."

"Bili ni cha mtoto! Taa zako ni mnyapara!" Akainama, kama ananipa siri ya serikali. "Napita kwenye korido asubuhi, napita mchana. Kioo kinang'aa, mtu yupo kazini. Kioo cheusi, mtu katoroka. Sigongi mlango wala siulizi swali. Naangalia tu na kupita."

Nikakikumbuka kioo cha mjomba.

"Yule mzee wa mikataba," akaendelea, "nilikuwa namheshimu kumbe bure. Kila nikipita, giza. Taa zinawaka mara mojamoja, nadhani anapokuja kuchukua koti. Leo namwachisha."

"Leo?"

"Leo hii. Halafu yupo kijana mmoja wa mauzo, wanamwita Fasta. Aisee! Kioo chake hakizimi hata saa ya chakula. Leo nampa zawadi mbele ya wenzake, na ukuu wa kitengo juu yake. Twende ukaone matunda ya kazi yako, tukirudi tunasaini jengo la pili."

Akabeba boksi lenye karatasi ya kung'aa, akatoka. Nikamfuata.

Hebu jiwekeni kwenye viatu vyangu. Nikisema jicho halimwoni mjomba, nimeitangaza kazi yangu kuwa mbovu dakika chache kabla ya kusaini. Nikinyamaza, mjomba anarudi nyumbani bila kazi, umri huo, na jina la utoro juu yake.

Ulimi ukaniganda. Nikateremka ngazi nzima sijatoa neno, nikijiambia nitasema tukifika chini. Tulipofika chini nikajiambia nitasema baada ya zawadi. Nilijichukia.

Watu walikuwa wamekusanyika nje ya mlango wa Fasta, dada wa mapokezi mbele yao. Kioo kinang'aa kweli kweli.

Mkurugenzi akagonga. Kimya.

"Mmeona?" akasema kwa fahari. "Amezama kazini, hata hodi hasikii."

Akagonga tena. Kimya.

Akafungua.

Kiti kilikuwa kitupu. Juu ya kiti kuna koti limevalishwa vizuri, mabega yamekaa. Kwenye kona kuna feni ya kusimama, inageuka kushoto, inageuka kulia. Na kwenye shingo ya feni amefunga tai, tena tai nzuri ya hariri, inapepea mbele ya jicho langu kama inacheza harusini.

Watu wakasogea kuchungulia.

"Fasta yuko wapi?" Mkurugenzi akauliza taratibu.

Dada wa mapokezi akakohoa. "Bosi, Fasta ana duka lake la simu mjini. Huwa anapita asubuhi kuwasha feni."

"Na mlikuwa mnajua?"

"Hukuuliza swali, bosi. Tukadhani hutaki jibu."

Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko, akajifanya anapiga chafya. Mkurugenzi akabaki amekumbatia zawadi yake, uso umemshuka. Kisha nikaona anageuza shingo polepole, anatazama mwisho wa korido, kwenye kile kioo cheusi.

Hapo ulimi ukafunguka.

"Bosi, twende kule. Na kabla hujafungua, ujue kosa ni langu. Yule mzee yupo ndani. Yupo kila siku. Anasoma bila kutikisika, na jicho nililomfungia halimwoni mtu aliyetulia. Niliyategesha macho yote yazime taa haraka ili bili yako ishuke. Kama ni jengo la pili, basi, sitakulaumu. Lakini usimwachishe."

Akatembea, sisi nyuma yake. Akaweka mkono kwenye kitasa, mara akakumbuka, akagonga.

"Ingia," ikajibu sauti kutoka gizani.

Mlango ukafunguka, taa zikawaka. Mjomba yuko palepale dirishani, mkataba puani. Lakini meza yake ilikuwa imefagiliwa safi. Na miguuni pake kuna katoni, ndani yake kikombe chake, sweta lake na picha ya mke wake.

"Shikamoo mzee," Mkurugenzi akasema, sauti imepungua.

"Marahaba. Ngoja nimalize ukurasa huu, ndio wa mwisho. Nisije nikamwachia mwenzangu kazi nusu."

Tukangoja. Akamaliza, akaweka saini, akavua miwani.

"Mzee, nani kakwambia ufunge vitu?"

"Wewe."

"Mimi? Hatujawahi kuzungumza!"

"Wewe ulikuwa unapita kwenye korido penye mwanga, mimi nimekaa gizani. Kioo kile kinaonyesha kivuli vizuri sana. Nilikuwa nakuona unasimama, unatazama, unatikisa kichwa, unakwenda. Kila siku. Nikajua yanayokuja."

Mkurugenzi akakosa pa kuweka mikono. "Sasa mzee wangu, si ungetoka tu uniambie taa zinazima?"

Mjomba akanitazama mimi. Akatazama tena chini.

"Ningekwambia taa ni mbovu, jengo la pili ungempa nani? Huyo ni mtoto wa dada yangu."

"Heeee!" Dada wa mapokezi akajiziba mdomo.

Kumbe alikuwa tayari. Alikuwa amekaa mle gizani, macho yanamuuma, anangoja kufukuzwa kwa jina la utoro, ili mimi nisaini. Na ngazi hakuitaka kwa sababu watu wangeuliza inafuata nini. Nikalia pale pale mbele ya watu, na sikuona aibu yoyote.

Tulisimama wote kama tumegandishwa, hata pumzi tunaiba.

Taa zikazima.

Tukawa gizani sote, Mkurugenzi, boksi lake la kung'aa, dada wa mapokezi, wote. Sekunde chache zikapita. Kisha nikaona kivuli cha mkono kinainuka na kupunga hewani.

Taa zikawaka. Mkono ulikuwa wa Mkurugenzi.

Mjomba ndiye aliyeanza kucheka. Sijawahi kumwona anacheka vile, mabega yanaruka, jicho nalo linamwona safari hii. Tukavunjika mbavu wote, na bosi mwenyewe akacheka mpaka akaketi kwenye katoni, kikombe cha mjomba kikapata ufa.

Zawadi alimpa mjomba. Ilikuwa saa ya ukutani. Fasta alipokuja kesho yake kuwasha feni, alikuta tai yake imekunjwa vizuri mapokezi na mlinzi anamsubiri aondoke naye mpaka getini.

Na jengo la pili? Nilisaini, lakini kwa sharti moja la Mkurugenzi.

"Hakuna jicho litakalobaki darini," alisema, "kabla mzee huyu hajakaa chini yake na kusoma. Likimzimia, ling'oe."

"Na kiti kiwe cha kuegemea," mjomba akaongeza.

Basi ndivyo tunavyofanya kazi siku hizi. Mimi juu ya ngazi, mjomba chini na mikataba yake, ametulia tuli. Jicho likimwona yeye, hakuna binadamu litakayemkosa.

Ninachowaomba wasomaji wangu ni kitu kidogo tu. Kazini kwenu, na hata nyumbani kwenu, yupo mtu asiyepiga kelele wala kupepea mbele ya watu, na mlango wake ukipita unauona giza. Usimpitie huku unatikisa kichwa. Gonga, ingia, msalimie. Huenda amekaa humo gizani kwa ajili yako.