Upande wa Pili wa Kisukuku

Usiku ule nililala karakanani, kichwa karibu na tanuri lililokwisha kupoa, nikiwa nimeshindwa na hereni moja tu.

Ilikuwa ya Zuhura, binti wa marehemu Bi Mwanaidi, fundi aliyenifundisha kusubu shaba baada ya kunikuta nazurura Lindi, nikimuuliza kila mtu anafanya nini. Kazi zake zote zilitokana na visukuku, konokono wa kale waliogeuka mawe. Alikandamiza jiwe kwenye udongo, akamwaga shaba kwenye alama, ikatoka hereni yenye mzunguko uleule. Kwetu karakanani, hereni za bibi harusi hutazamana: ya kulia huzunguka kulia, ya kushoto huzunguka kushoto. Jiwe zuri kuliko yote alimtunzia binti yake, akafariki amemaliza hereni ya kulia. Ya kushoto ilitaka upande wa pili wa konokono, unaozunguka kinyume, nao ulikuwa bado umefichwa na mwamba. Ilibidi kuligonga jiwe.

Zuhura alikataa katakata. "Likipasuka vibaya, Kaka Shomari, nitakuwa nimemzika mama tena."

Basi nikajaribu kuchonga udongo kwa mkono. Kila niliyoisubu ilitoka kama chapati iliyokunjwa na mlevi, na harusi ilikuwa mlangoni.

Naye Bi Mwanaidi anaingia, bila hodi. Amejifunga kanga yake ya kazini, ile iliyotobolewa na cheche, na mguu uliokuwa ukimsumbua hauchechemei. Nilinyanyuka kumwamkia.

"Marahaba. Kaa," alisema. "Weye hukai pahali mpaka chai ipoe. Leo jiwe limekuweza?"

Sasa tuko korongoni, alikokuwa akiokota mawe yake mvua zikikatika. Maji yanatupita miguuni wala hayatulowanishi. Jiwe liko kiganjani mwake, na konokono yu hai. Anachungulia, anarudi ndani. Namuuliza Bi mdudu huyu alikuwa anakula nini.

"Hata huku unauliza!" Anacheka mpaka mabega yanatikisika, kama alivyocheka siku zote.

Kisha si korongoni tena. Ni jikoni kwake, jiwe limewekwa kwenye kibao cha chapati, na mimi nina nyundo. Namwambia siwezi, Zuhura amekataa. Kicheko kinamtoka usoni taratibu. Anaweka kiganja juu ya jiwe, kama anayempima mtoto homa, halafu anakiondoa.

"Mwambie Zuhura mimi simo humu."

Nikaamka. Kumekucha, jogoo wa jirani anapiga kelele, na kifua changu ni chepesi kama cha mtu aliyepona malaria. Nilimkuta Zuhura anafagia uani. Nikampa maneno yale kama nilivyopewa, bila kuongeza langu.

Akauegemea ufagio. "Kasema hivyo? Hayumo?"

"Kasema hayumo."

Machozi yalimtoka, kisha akashusha pumzi ndefu sana. Aliingia ndani, akatoka na jiwe, akachuchumaa na kulishika kwa mikono miwili juu ya gogo.

"Haya, gonga. Ila ole wako uniponde vidole. Kesho vinatiwa hina."